Alasiri ya Idi, nani kawashika watoto mkono?



Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, majumbani mwetu hufunguka kazi mbili kwa wakati mmoja. Wapo wanaokesha misikitini wakiutafuta usiku wenye cheo, na wapo wanaokesha kwa mafundi cherehani wakizitafuta nguo za watoto. Mara nyingi ni watu wale wale. Mama aliyetoka kusali tarawehe hupitia kwa fundi, akaambiwa kanzu ya mdogo bado mikono, akarudi kesho yake akaambiwa bado vifungo. Makobazi yanatafutwa, kofia inafuliwa na kutiwa wanga, unga wa visheti unachekechwa, tambi zinanunuliwa mapema kabla bei haijapanda. Kila kitu cha Idi kinapangwa, kuanzia tende za kufungulia asubuhi hadi nyama ya pilau.

Kitu kimoja tu hatukipangi. Baada ya Swala, baada ya pilau, baada ya watoto kuzunguka kwa shangazi na kwa babu na kukusanya mkono wa Idi, inapofika alasiri, watoto hao wataelekea wapi, na wataelekea na nani? Tumeliuliza swali hili kwa wazee kadhaa, na jibu lililokuja kwa wepesi kuliko yote lilikuwa: "Watakwenda na wenzao." Tunaomba jibu hilo tulitazame pamoja.

Kwanza tuondoe shaka moja. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba michezo ya Idi ni ada tu iliyochomekwa katika dini, na kwamba Muislamu mwenye kumcha Mola wake akishasali aketi nyumbani atulie. Hili halina msingi. Anas bin Malik (RA) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahiliya, akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia siku mbili zilizo bora zaidi, nazo ni Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua. Tuangalie vyema: walikuwa na siku za kucheza, wakabadilishiwa kwa siku bora, na hapana mahali walipoambiwa kuwa furaha imefutwa.

Na waliofurahi mbele ya Mtume (SAW) walikuwa wadogo. Bibi Aisha (RA) anasimulia kuwa siku ya Idi walikuwapo nyumbani kwake wasichana wawili wakiimba, akaingia baba yake, Abubakar (RA), akawakemea. Mtume (SAW), aliyekuwa amejilaza na kugeuza uso, akamwambia awaache, kwani kila kaumu ina sikukuu yake na hiyo ndiyo yetu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wengi wetu tumeisikia minbarini.

Ile inayoifuata ndiyo tusiyoisikia sana. Siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa ngao na mikuki msikitini Madina. Bibi Aisha alitamani kuwatazama. Mtume (SAW) hakumwambia nenda na wenzio. Alisimama yeye mwenyewe, akamsimamisha nyuma yake, shavu la bibi likigusa shavu lake, wakatazama pamoja. Akabaki amesimama hadi Bibi Aisha alipochoka, ndipo akamuuliza kama ametosheka, naye akajibu ndiyo. Baadaye Bibi Aisha, akiwa mtu mzima mwenye elimu, aliwataka watu wakadirie shauku ya binti mdogo apendaye mchezo, yaani wajue ni muda mrefu kiasi gani mtukufu huyo alikubali kusimama kwa ajili yake.

Aliyesimama hapo alikuwa kiongozi wa umma, mwenye jeshi, wageni, kesi za watu na wahyi. Sisi tuna usingizi wa pilau.

Tusijifiche katika hili. Katika nyumba nyingi baba akishavua kanzu mchana wa Idi hulala, akiamka huenda barazani kwa wenzake kunywa kahawa. Mama yuko jikoni tangu alfajiri; wageni wakiondoka hawa wanaingia wale, na masufuria hayaishi. Watoto wamevaa, wana pesa mfukoni, nje ngoma inalia. Dada wa miaka kumi na mmoja anakabidhiwa wadogo zake watatu, wa mwisho akiwa na miaka minne, na kuambiwa warudi kabla ya magharibi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, na tulirudi salama. Lakini mitaa ya wakati ule ilikuwa na macho. Kila mtu mzima njiani alikuwa mjomba au shangazi, mwenye haki ya kumshika mtoto sikio. Miji imekua, na watu wanaopishana na watoto wetu leo hawajui ni wa nani.

Hapa hatuna budi kuutaja mji wa Tabora, ingawa kuutaja kunaumiza. Tabora ni mji wa kale wa Kiislamu katika bara, uliokuzwa na misafara iliyotoka mwambao katika karne ya 19, na Idi yake ina shamrashamra kama ya pwani. Jumatano ya Oktoba 1, 2008, siku ya Idi el Fitri ya mwaka 1429 Hijria, watoto wa mji huo waliingia kwa mamia katika ukumbi wa starehe ulioandaa disko la watoto, lile lililozoeleka kwa jina la disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi. Hewa ikawa haba, joto likazidi, watoto wakaanza kusukumana kuutafuta mlango. Watoto wapatao 20 walifariki dunia kwa kukosa hewa na kukanyagwa, na wengine wakajeruhiwa. Walikuwa na nguo zao mpya. Wazazi walioaga watoto walikwenda hospitali kuwatambua. Tunamuomba Allah (SW) awajaalie kuwa akiba ya wazazi wao siku ya Kiyama.

Nchi nzima ilihuzunika. Tangu msiba huo, Jeshi la Polisi nchini Tanzania limekuwa likitoa tangazo karibu na sikukuu, ziwe za Waislamu au za Wakristo, kupiga marufuku disko toto. Ni agizo jema na tunaliunga mkono. Lakini, na hili tunalisema kwa kujishutumu sisi wenyewe kabla ya mwingine, mjadala wetu Waislamu ulikimbilia haraka kwenye muziki. Tulisema mengi juu ya disko kuwa si mahali pa mtoto wa Kiislamu, na tulisema kweli, lakini tukaupitia juu juu mlango uliokuwa mwembamba na idadi ya waliosongamana. Watoto wale wangeweza kusongamana hivyo hivyo katika ukumbi wa kaswida. Mwili wa mtoto wa miaka saba katikati ya msongamano hauna njia ya kuvuta pumzi, liimbwe lolote litakaloimbwa jukwaani. Yeyote anayeandaa hafla ya watoto, hata ikiwa ya madrasa, aanze kwa kuhesabu milango, kuhakikisha inafunguka kwa nje na haikufungwa kufuli kuwazuia wasiolipa, kisha ahesabu vichwa na awe na ujasiri wa kusema pamejaa.

Marufuku peke yake ina upungufu mwingine. Inamwambia mtoto asiende mahali fulani, wala haimwambii aende wapi. Alasiri iko pale pale, na noti mfukoni iko pale pale.

Wenzetu wa visiwani na Mombasa wamejibu swali hili kwa miaka mingi kwa njia ya viwanja. Unguja, watu humiminika katika kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo, na jioni Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, ambako bustani yake ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Chake Chake, Pemba, wana Tibirinzi. Mombasa wana Makadara, ambako pembea na vibanda vya Idi ni jambo la kurithiwa. Sikukuu Zanzibar hazimaliziki kwa siku moja. Huhesabiwa Idi Mosi, Idi Pili, Idi Tatu na hata ya nne, na kila siku ina nguo yake kwa mwenye uwezo. Hapo utaona maputo, miwani ya plastiki isiyoonyesha kitu, saa za bandia, ubuyu wa rangi, askrimu, mishikaki, sahani za urojo, na watoto wa kiume waliotumia nusu ya mkono wa Idi kununua bastola za kuchezea ambazo hadi Idi Pili zimeshavunjika. (Hizi bastola, kwa maoni yetu, wangeachiwa wenyewe waliozibuni. Risasi zake za plastiki huruka moja kwa moja hadi kwenye macho, na mtoto akifunzwa kumnyooshea mwenzake mtutu siku ya furaha, tutamfunza lini kuacha?)

Uzuri wa viwanja ni kwamba viko wazi. Hakuna mlango wa kusongamania, na mama, baba na bibi wana pa kukaa. Ndiyo maana ukivitazama vizuri utaona kuwa vile vinavyopendeza zaidi ni vile ambavyo wazazi wamo ndani. Vile walivyoachiwa watoto na wachuuzi peke yao, magharibi ikiadhiniwa kipaza sauti huanza kutangaza: yupo mtoto hapa, kavaa gauni la manjano, hajui jina la baba yake ila "Baba".

Sasa tuje kwenye bahari, kwani kwa sisi wa mwambao hii ndiyo sehemu ya pili ya sikukuu, na hapa kuna jambo ambalo wazee wetu mabaharia walilijua na sisi tumelisahau.

Idi el Fitri huwa tarehe mosi Shawwal, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama. Kila mwezi unapoandama, na kila unapopevuka, bahari yetu huwa katika bamvua, yaani maji hupwa kupita kiasi na kisha hujaa kupita kiasi. Kwa hiyo Idi el Fitri huangukia bamvua kila mwaka, iwe masika au kiangazi. Katika pwani ya Unguja na Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika siku hizo huweza kufika mita 3 na kukaribia 4, ambacho ni kimo cha watu wazima wawili, mmoja juu ya mabega ya mwenziwe.

Tena saa zake hazibadiliki sana. Siku za bamvua, maji katika mwambao huu hukauka kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi au kumi na moja jioni. Tazama basi siku ya Idi inavyokwenda. Familia zinafika ufukweni mchana, bahari iko mbali, mchanga mweupe umetandaa, vidimbwi vya maji ya magotini vimejaa vijisamaki. Watoto wanakimbilia huko mbali, na mzazi aliyeketi chini ya mkungu anaona hapana hatari, kwa kuwa anaona maji hayapo. Bahari inapoanza kurudi hairudi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, na kasi yake kubwa huwa katika saa za katikati, takriban saa saba hadi saa tisa, saa ambazo watu wazima wanakula na kusinzia. Fungu la mchanga alilosimama mtoto huweza kuzungukwa kwa nyuma kabla halijafunikwa, naye akajikuta kati ya maji bila ya kuhama alipokuwa. Hadi saa kumi, ufuo ukiwa umefurika watu kuliko wakati wowote, maji nayo yako katika kimo cha juu kabisa cha siku.

Anayeulizwa habari hizi na mvuvi yeyote wa Feri au Malindi atajibiwa kwa neno moja tu, bamvua. Idi Pili saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 40 hadi 50. Idi ya Kuchinja, kwa kuwa huangukia tarehe 10 Dhulhijja, hukutana na maji mafu, bahari isipokwenda mbali wala kujaa sana, lakini mkondo na mawimbi vipo vile vile.

Basi anayetaka kuwapeleka watoto pwani siku ya Idi el Fitri, na awapeleke asubuhi baada ya Swala na staftahi, maji yanapoelekea kukauka, awe ndani ya maji pamoja nao, na kabla ya adhana ya adhuhuri wawe wameshapanda juu. Kusimama ukingoni ukiwa na simu mkononi si kuwa pamoja nao. Mtoto anayezama hapigi kelele, mdomo wake uko chini ya maji.

Njiani nako kuna mambo. Pikipiki moja kubeba watoto wanne waliovaa nguo za Idi ni picha tunayoiona kila mwaka, mbele mmoja juu ya tangi na nyuma watatu, na baba amelipa nauli mwenyewe na kuwapungia mkono. Hatuoni haja ya kulieleza sana.

Huenda msomaji akasema: nyinyi mnasema haya, lakini mimi ni mjane, au mume wangu yuko safarini, au kazi yangu ya ulinzi hainipi likizo ya Idi. Ni kweli. Na hapa ndipo tunapoiona nafasi ya msikiti. Msikiti wa mtaa umeshakusanya watu asubuhi, una uwanja au jirani yake pana shule yenye uwanja, una vijana waliofuturisha watu mwezi mzima kwa nidhamu. Vijana hao hao wanaweza, baada ya Swala ya alasiri siku ya Idi Mosi na Idi Pili, kusimamia mashindano ya kukimbia na magunia, kuvuta kamba, nage kwa wasichana na mpira kwa wavulana, kughani kaswida na maswali ya sira yenye zawadi ndogo ndogo. Gharama yake ni kamba, magunia, maji ya kunywa na juisi, na gari moja la kukodi kupeleka wagonjwa likitokea la kutokea. Kuna misikiti inayofanya hivi na watoto huusubiri mwaka mzima. Mingi haifanyi, ikidhani kazi yake imeishia kwenye hotuba.

Na akina mama wasiachwe jikoni. Ummu Atiyya (RA) amesimulia kwamba wanawake waliamrishwa kutoka siku ya Idi, mabinti wa ndani na hata walio katika ada zao, wao wakikaa kando ya mahali pa kusalia, ili washuhudie kheri na dua za Waislamu. Ibn Abbas (RA) alikuwa mtoto mdogo alipohudhuria Idi pamoja na Mtume (SAW), na ni yeye aliyetusimulia wanawake wakivua pete na hereni zao na kuzitupa katika nguo ya Bilal (RA) kuwa sadaka. Laiti angeachwa nyumbani kwa kuwa ni mdogo, tungeikosa habari hiyo. Nyumba ambayo mama hakuuona uwanja wa Idi kwa miaka kumi kwa sababu ya masufuria inahitaji kupunguza vyakula. Pilau moja, kachumbari na ndizi zinatosha. Biriani ingojee Idi Pili, na wanaume walioshiba waoshe sahani.

Lipo pia suala la mtoto asiyekuwa na nguo mpya wala mkono wa Idi, ambaye hutembea nyuma ya wenzake akitazama. Zakatul Fitri imewekwa itolewe kabla ya Swala ili nyumba ya maskini isipikwe uji siku ambayo jirani anapika nyama. Lakini pishi ya mchele haipandi pembea. Anayegawa noti kwa wajukuu wake mlangoni na atazame vizuri ni watoto gani wameongozana nao.

Kwa familia zinazotaka kujiandaa, tuseme kwa uwazi yale tunayoyaona ya lazima. Usiku wa kuamkia Idi, takbira zikisikika, baba na mama wakae dakika tano tu wagawane siku: nani atakuwa na watoto baada ya alasiri Idi Mosi, nani Idi Pili. Aliyepewa zamu asikabidhi zamu hiyo kwa mtoto mwingine. Mtoto mdogo atiwe mfukoni karatasi yenye namba za simu mbili, si moja, kwa kuwa simu ya baba siku ya Idi huisha chaji mapema, na asiandikiwe jina lake nje ya nguo mahali ambapo mgeni ataweza kulisoma na kumuita. Wakubwa waambiwe mahali pa kukutania wakipotezana, pawe ni mti au nguzo wanayoijua, si "pale tuliposhukia". Na tangu mwanzo wafundishwe kwamba mlango wa ukumbi wowote ukiwa umesongamana, hata tiketi ikiwa imeshalipiwa, wageuke warudi, na pesa iliyopotea italipwa na baba bila ya kugombezwa.

Mtume (SAW) siku ya Idi alikuwa akienda kuswali kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine, kama alivyosimulia Jabir (RA). Safari ya kurudi kwa njia ya pili ni nafasi nzuri kwa mzazi kuwapitisha watoto katika uwanja watakaochezea jioni, ungali mtupu, na kuwaonyesha kwa kidole: pembea zitakuwa hapa, maji ya kunywa yako pale, na mimi nitakuwa nimekaa chini ya mwembe huu.